Kiti cha Zablon Asava

“Programu yangu haitamsahau mtu hata mmoja! Awe mkataji, awe mpishi, awe paka wa ofisini, ataandikwa!”

Jeconia alitangaza hayo akiwa ameishika maikrofoni ya kanisa kwa mikono miwili, siku ya harambee ya kuezeka kanisa la laini, yaani makazi ya wafanyakazi wa shamba, mwaka wa tisini na sita. Mbele yake walikuwa wazee wa kanisa, wakataji wa mkonge na wake zao, na mgeni wa heshima, Bwana Kituku, meneja wa wafanyakazi wa Mkwajuni Estate. Wakati huo Jeconia aliijua kompyuta kama mtu anavyomjua mchumba siku ya posa: ameiona kwa mbali, ameulizia ukoo wake, bado hajaruhusiwa kuigusa. Lakini maikrofoni ina pepo lake. Watu wakapiga vigelegele. Bwana Kituku akasimama, akaurekebisha mshipi chini ya tumbo, akasema, “Kijana, ukimaliza kusoma, hiyo programu uniletee mimi. Nimesema mbele ya hawa watu wote.”

Mama yake, Kavetsa, alikuwa kwenye safu ya kwaya. Yeye hakupiga kigelegele. Alimtazama mwanawe kama unavyomtazama mtoto aliyeukwea mti, na matawi yamekwisha, na yeye bado anakwea.

Laini za Mkwajuni zilikuwa mwendo wa baiskeli kutoka mjini Voi, vyumba vya mawe vilivyopangwa kama meno ya ajuza, hapa liko, pale halipo, na kuzunguka pande zote mkonge, mistari kwa mistari, hadi mlima Kasigau unapokatiza macho. Chumba cha laini hakikuwa cha mtu. Kilikuwa cha nambari. Ukiajiriwa ulipewa kibati cha aluminiamu kilichogongwa nambari, na ni hiyo nambari iliyokuwa na chumba, na zahanati, na haki ya kuchota maji kwenye bomba la shamba. Wewe mwenyewe ulikuwa msindikizaji tu wa kibati.

Na nambari haifi. Watu wa laini walikuwa wameliafiki hilo zamani, kabla Jeconia hajazaliwa. Mkataji akifa, au akienda kwao magharibi kwa likizo na likizo ikawa maisha, kibati chake kilipewa mjane, au ndugu, au shemeji. Asubuhi iliyofuata jina la mwenyewe likiitwa, mtu aliitika. Na siku ile ya kwanza ambapo sauti ngeni iliitika, laini nzima ilikohoa. Wote kwa pamoja, wanaume kwa wanawake, khoo khoo, kama wodi ya kifua kikuu, ili nyapara asilazimike kusikia sauti hiyo ni ya nani. Nyapara Ndeti alijua. Nyapara aliyemtangulia alijua. Mbwa walijua. Lakini kujua ni jambo moja na kusikia ni jingine. Ndeti alikisubiri kikohozi kiishe, akatia alama yake, akaendelea na jina linalofuata.

Zablon Asava, mume wa Kavetsa, nambari mia tatu kumi na nane, alikufa kwa malaria Jeconia akiwa darasa la nne. Tangu hapo, kila asubuhi kabla jua halijakolea, Ndeti aliita, “Zablon Asava!” na Kavetsa, mwanamke mwenye sauti ya kwanza katika kwaya, sauti ya kuvunja glasi, akajibu, “Niko!” Kisha alichukua panga lake akaenda kukata majani kama mwanamume yeyote, na kupita baadhi yao. Kuajiriwa kwa jina lake mwenyewe hakukuwezekana. Mkwajuni ilimwajiri mwanamke kwa kibarua cha siku tu, na kibarua hana kibati, na asiye na kibati hana chumba.

Watoto wa shule, ambao Mungu amewanyima huruma akawapa akili badala yake, walimwita Jeconia mtoto wa baba mwenye sketi. Alipigana mpaka akachoka kupigana. Ndipo likamwingia wazo moja ambalo halikumtoka tena: siku moja mamake ataitwa Kavetsa, kwa sauti, mbele ya laini nzima, na chumba kibaki chake. Hakutaka gari. Hakutaka Nairobi. Alitaka hilo tu, na kwa bahati mbaya akaona kompyuta ndiyo njia.

Kompyuta za Voi wakati huo ungezihesabu ukitembea kwa mguu na usichoke. Tatu zilikuwa ghorofani juu ya duka la vitambaa la Mzee Abdulbasit, zimefunikwa vitambaa vya maua vilivyobaki dukani, na mlangoni uliacha viatu kama unaingia msikitini. Aliyezileta kutoka Mombasa ni Jaffar, mtoto wa kwanza wa mzee, aliyefungua chuo, akachoka nacho, akaenda zake Maskati. Chuo kikabaki mikononi mwa dadake, Faiza, msichana mwenye ulimi kama wembe mpya. Faiza alifundisha kupiga chapa. Jeconia alilipia masomo kwa kazi: alifagia, alibeba mitungi ya maji, na umeme ulipopotea, jambo lililotokea kila mbingu ilipopiga chafya, alikimbia kuzima mashine.

“Haya, kupiga chapa ushajua,” Faiza alimwambia baada ya miezi. “Wataka nini tena? Hapa hakuna darasa jingine.”

“Nataka kuandika programu.”

“Basi chukua.” Alivuta mtoto wa meza, akamrushia bunda la karatasi lililofungwa kwa kamba ya mkonge. “Kitabu cha Jaffar. Alikitoa kopi kule Mombasa. Akamwambia mtu wa mashine, kurasa zisizo na picha ziruke, karatasi ghali. Ndiye kaka yangu huyo. Angetoa kopi ya msahafu angeomba picha.”

Kitabu kilihusu usanifu wa programu zilizojengwa kwa vitu. Jeconia alielewa kidogo kidogo, kama mtu anayekula samaki mwenye miiba. Kwanza unachonga kiolezo, mfano kiolezo cha mfanyakazi. Kutoka kiolezo hicho unazalisha vitu mia, kila kimoja na jina lake na nambari yake, na kila kimoja kinajua kazi yake. Halafu kiolezo kinaweza kumzaa mwenziwe: mfanyakazi akamzaa mkataji, mkataji akamzaa mkataji mwanamume, na mtoto akachukua yote ya mzazi. Sehemu ya pili ya kitabu ilikuwa ya ruwaza, yaani mipango ambayo wajenzi waliotangulia walishaijaribu ikasimama: ukikutana na tatizo la namna hii, panga vitu vyako namna hii. Kila ruwaza ilikuwa na mchoro wa masanduku na mishale. Nyuma ya kila mchoro, mtu angedhani, kulikuwa na kurasa za kueleza ruwaza hiyo inaleta madhara gani na wapi usiitumie. Kurasa hizo hazikuwa na picha.

Si kwamba zingemwambia lolote kuhusu laini za Mkwajuni. Lakini zingemzoesha kuuliza.

Mvua za El Niño zilimkuta akijenga ukoo. Barabara ya Mombasa ilikatika, malori yakalala Miasenyi hadi madereva wakajua majina ya mbuzi wa pale, na chuoni hakuna aliyekuja. Jeconia alikaa peke yake na mashine moja, akizaa violezo kama sungura. Mfanyakazi, mkataji, mpakiaji, nyapara, nyapara msaidizi, nyapara msaidizi wa zamu. Ukoo ulikuwa mkubwa kuliko wa Ibrahimu. Kisha akaujaribu. Alimchukua Ndeti, ambaye kabla ya kuwa nyapara alikuwa mkataji, akajaribu kumpandisha cheo.

Faiza alipanda ngazi na birika la chai akamkuta ameshika kichwa.

“Kuna nini?”

“Ndeti hawezi kupandishwa cheo mpaka afe kwanza.”

“Astaghfirullah!”

“Si mimi, ni mpango. Amezaliwa kwa kiolezo cha mkataji. Hawezi kugeuka nyapara. Lazima nimfute, nimzae upya akiwa nyapara, na akizaliwa upya amesahau miaka yake yote ya kazi.”

“Basi mpango wako mbaya,” Faiza alisema, akamimina chai. “Babangu alikuwa mshonaji, leo ni mwenye duka. Hakufa katikati. Kunywa chai, wamtisha mtu kwa macho hayo.”

Na bado mbaya kuliko Ndeti alikuwa Kavetsa. Kila Jeconia alipojaribu kumwingiza mamake, programu ilimkataa. Nambari mia tatu kumi na nane ilikuwa ya mwanamume, na mwanamume huyo ni marehemu, na marehemu hakati mkonge. Programu ilikuwa na haki. Jeconia alifuta ukoo wote. Mwezi mzima wa kazi, ukapotea kama mate kwenye vumbi, na kwa siku kadhaa hakurudi ghorofani kabisa. Alikaa laini akitazama matone yanavyoingia kwenye paa, akiamini kwamba watu wa Mkwajuni hawaandikiki, kwamba yeye ni mjinga aliyeshika maikrofoni.

Ruwaza iliyomrudisha ilikuwa ya masanduku mawili na mshale mmoja. Aliitazama mchana kutwa. Ilisema, kwa maneno ya kawaida, usiulize kitu hiki ni nani, uliza kina nini. Cheo kitenge na mtu. Mwache mtu abaki yuleyule, na cheo kiwe kitu kingine anachokishika na kukiachia. Ghafla akaelewa. Akacheka peke yake kwa sauti hadi Mzee Abdulbasit akagonga dari kwa mti wa fagio kutoka dukani. Nambari haifi! Si ndivyo laini ilivyosema siku zote? Nambari si mtu. Nambari ni kiti. Mtu ni mkaaji. Mkaaji akiondoka anakaa mwingine, na kiti hakitikisiki.

Akaandika violezo viwili tu: Kiti na Mkaaji. Ndeti akapanda cheo akiwa hai. Na kwenye kiti nambari mia tatu kumi na nane, kilichoandikwa Zablon Asava, akakalisha mkaaji: Kavetsa. Programu ikampokea bila neno. Jina la mamake likang'aa kwenye kioo kwa rangi ya kijani. Jeconia alilitazama mpaka umeme ukapotea, na hakukimbia kuzima mashine.

Baada ya hapo hakushikika. Aliongeza ruwaza ya kumbukumbu, ambayo kila badiliko lilijiandika lenyewe, nani alikuwa na nani akaja, ili kosa liweze kurudishwa nyuma. Akaongeza ruwaza ya Mgeni. Hii ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Badala ya kukibebesha kila kiti maswali yote ya dunia, kiti unakipa mlango mmoja tu wa kumkaribisha mgeni. Ukiwa na swali jipya, unaandika mgeni mpya, unamwachilia, anapita kiti hadi kiti, anauliza, anarudi na majibu. Viti havigeuzwi hata kidogo.

“Na mgeni mwenyewe haulizwi atoka wapi?” Faiza alitaka kujua.

“Haulizwi. Huo ndio uzuri wake.”

“Kwetu huulizwa.”

“Kwenu kuna wezi.”

“Kwenu kuna nini, Jeko? Malaika?”

Wakacheka wote wawili.

Programu tupu haimpendezi meneja. Ilibidi viti vijazwe. Jeconia alipita laini chumba kwa chumba, akiuliza kila mkaaji jina lake la kweli, na hapo ndipo mtu wa nje angeshindwa. Mtu wa nje wangemtajia marehemu na kumwangalia usoni bila kupepesa. Lakini huyu ni Jeko, mtoto wa Kavetsa wa kwaya, aliyekula kwenye masufuria yao. Wajane walimtajia. Mashemeji walimtajia. Mzee mmoja aliyekuwa ameitika jina la kakake kwa muda mrefu hivi kwamba hata mkewe alimwita hivyo, alikaa kitako akifikiri kabla ya kulipata lake.

Kavetsa alikuwa akipepeta mchele. “Hayo majina unayapeleka wapi?”

“Kwa kompyuta, mama.”

“Na kompyuta inayapeleka wapi?”

“Yanakaa huko huko.”

“Hm,” alisema Kavetsa. “Mimi sijaona kitu kinakula kisinye.”

“Mama, watakuita kwa jina lako. Wakiona kwa macho yao kwamba ni wewe unayekata kazi ya Zablon, na unaikata vizuri, watafanya nini? Watakuandika tu.”

Ungo ukaendelea. Kavetsa alipuliza makapi, akasema, “Wewe ndiye umesoma.”

Alisema hivyo bila kejeli. Hilo ndilo lililokuwa baya baadaye.

Ofisi ya Mkwajuni ilikuwa imenunua kompyuta, na plastiki bado iko juu ya kioo. Bwana Kituku hakukubali itolewe. Alimkaribisha Jeconia kwa chai na mandazi, akavuta kiti karibu, akatazama programu ikiamka. Jeconia alimwonyesha jinsi mkataji anavyopanda cheo. Akamwonyesha likizo. Kituku alitikisa kichwa kwa raha.

“Sasa hii mkaaji ni nini?”

“Ni mtu mwenyewe, bwana. Kiti ni nambari. Mkaaji ni anayefanya kazi. Mkaaji anaweza kubadilika, kiti hakibadiliki.”

“Nionyeshe moja.”

Jeconia alikuwa amelisubiri neno hilo miaka mingapi! Akaandika nambari bila kufikiri. Kiti: Zablon Asava. Mkaaji: Kavetsa.

“Huyu ni nani?”

“Ni mama yangu, bwana.”

“Na Zablon?”

“Ni marehemu baba.”

“Pole sana.”

“Asante, bwana.”

Kituku alitafuna andazi lake polepole. Hakukasirika. Laiti angekasirika, pengine Jeconia angeamka. “Kumbe,” alisema. “Na wako wengine namna hii? Hiyo mashine yako inaweza kuniambia kiti gani na mkaaji wake hawalingani?”

Mtu mwingine hapo angekohoa. Hata mtoto wa chekechea wa laini ile angekohoa. Lakini Jeconia hakusikia meneja akiuliza habari za wajane. Alisikia swali jipya. Hakuna aliyewahi kuiuliza programu yake swali ambalo haikuandaliwa, na ruwaza nzima ya Mgeni ilikuwepo kwa ajili ya siku kama hiyo. Kwa ule ukoo wa zamani kazi hiyo ingemla wiki mbili na nywele zake. Kwa mpango huu, alivipasha vidole moto, akaandika mgeni mmoja mfupi, mistari michache, na chai ya Kituku ilikuwa bado inatoa mvuke alipomwachilia.

Mgeni akaenda. Kila kiti kikamfungulia mlango. Majina yakaanza kupanda kwenye kioo chini ya plastiki, moja baada ya jingine. Kavetsa. Nanzala wa chumba cha pili. Yule mzee wa jina la kakake. Yakiwa yamefika la tano au la sita ndipo Jeconia akaona ni nini anachokitazama. Akanyoosha mkono kwenye kibodi, akaurudisha. Mgeni hakuwa amekosea hata herufi. Alimaliza kazi yake, akasimama, na chini yake kikawa kinapepesa kile kimstari cha kusubiri amri nyingine.

“Kumi na nne,” Kituku alisema. “Kijana, hii kitu yako ni safi. Safi kabisa. Ichapishe.”

“Bwana Kituku, hao ni wafanyakazi wazuri. Mimi nilidhani...”

“Najua ni wazuri. Unadhani sijui? Mimi niko hapa kutoka enzi ya nyapara wa kwanza. Nilikuwa sijui kwa karatasi.” Akajifuta mdomo. “Wenye shamba wapya wako Nairobi wananiuliza kila wiki, vyumba vingapi viko na watu hatujaajiri? Nikawa nawaambia hakuna njia ya kujua. Na ilikuwa kweli, hakukuwa na njia. Sasa iko.”

“Nifute. Nitaifuta, bwana, nitaandika ingine.”

“Usilie hapa ofisini, tafadhali. Sikiza. Hizo vyumba zitarudi kwa shamba mwisho wa mwezi. Hiyo siwezi kuzuia. Lakini wewe nimekupangia. Hiyo kiti ya babako iko wazi. Kalia wewe. Kazi ya kompyuta, kibati, chumba. Mama yako atakaa kwako kama mama wa mfanyakazi. Umeona? Hata hatoki nje.”

Asubuhi iliyofuata, Kituku akiwa kwenye mkutano, Jeconia alijipenyeza ofisini. Alikifungua kiti baada ya kiti, akamwondoa kila mkaaji, akamrudisha marehemu mahali pake. Zablon akafufuka, wakafufuka wote kumi na nne. Na chini ya kila mmoja, kwa herufi ndogo nadhifu, programu ikaandika: mkaaji amebadilishwa, wa awali Kavetsa, mkaaji amebadilishwa, wa awali Nanzala. Ilikuwa ruwaza ya kumbukumbu. Aliijenga vizuri. Alijaribu kuizunguka akashindwa, kwa sababu alikuwa ameijenga mahususi ili mtu mwenye nia kama yake asiweze. Na karatasi ilikuwa imeshachapishwa vilevile. Akaizima mashine, akaketi mbele ya plastiki, akauona uso wake humo.

Ndeti ndiye aliyepeleka habari laini. Alisimama mlangoni pa Kavetsa, kofia mkononi, mtu mzima aliyekuwa ameliita jina la Zablon tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

“Mama Jeko, kesho sitakuita.”

“Nimesikia, nyapara.”

“Ningekuwa na njia...”

“Najua. Kunywa maji uende, jua kali.”

Jeconia alipofika, watu walikuwa wamekaa nje ya vyumba vyao kimya kama siku ya msiba, ila msiba huwa na kilio. Hakuna aliyemtukana. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata mawe. Nanzala, mjane wa chumba cha pili, alinyanyua kichwa tu alipompita.

“Jeko.”

“Naam, mama.”

“Nilikutajia jina langu mara mbili, ili usikosee herufi.”

Akainamisha kichwa tena. Jeconia akaingia ndani.

Kavetsa alikuwa ameshusha picha za ukutani na kuzilaza kitandani. Jeconia alimweleza haraka haraka, maneno yakigongana: kiti, kibati, kazi ya kompyuta, Bwana Kituku amekubali, hatuhami, mama, wewe huhami, umesikia? Chumba ni chetu. Chumba kiko.

Kavetsa alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akakunja shuka.

“Hao wengine wanaenda wapi?”

“Sijui, mama.”

“Nanzala amekaa hapa toka Zablon akiwa hai. Alinishika mkono siku ile naitika mara ya kwanza, nilikuwa natetemeka.” Akaweka shuka juu ya picha. “Walikupa majina yao kwa ajili yangu. Si kwa ajili yako, mwanangu. Wewe wangekudanganya. Sasa nibaki hapa peke yangu, napika, moshi unatoka kwa dirisha langu, na wao wanapita na godoro kichwani? Hapana. Hiyo siwezi.”

“Mama, tutaenda wapi?”

“Mimi nitaenda kwa dada yangu, kule Ronge. Ana nafasi nyuma ya jikoni. Wewe ukae.”

“Sikai.”

“Utakaa. Sikukata mkonge ukasoma ndio uje unibebee sufuria barabarani. Hiyo kiti ni ya babako, kalia.” Sauti yake haikupanda wala kushuka. “Usinililie hapa, nina kazi. Vitu ni vingi, sijui vilitoka wapi. Kamba niko nayo. Panda baiskeli uende Voi uniletee magunia manne, yasiwe yametoboka.”

Alienda. Jua lilikuwa la saa saba, barabara nyeupe, na kila jani la mkonge limesimama na mwiba wake juu. Alipita chini ya duka la Mzee Abdulbasit. Faiza alikuwa dirishani ghorofani, akamwita, “Jeko! Vipi, waliipenda?” na Jeconia akapunga mkono bila kusimama, kama mtu mwenye haraka ya jambo jema.

Sokoni alimkuta mama mmoja anayeuza magunia nyuma ya wauza mahindi. Alikuwa ameyapanga kwa ukubwa. Jeconia alichagua manne, akayainua moja moja kuelekea jua kutafuta matundu, akauliza bei.

Gunia tupu la sukari lilikuwa shilingi ishirini.